Ukuta wa Brashi

Mwanangu ni mhunzi, mtoto wa mhunzi, na mhunzi na shati jeupe ni paka na maji. Lakini asubuhi ile alilitoa lile alilovaa kwenye harusi ya mdogo wake, akampa mkewe alipige pasi, akalivaa, akalifunga vifungo mpaka shingoni, halafu akakaa kitini na kusema haendi.

"Kama huendi, hilo shati la kumzikia nani?" mkwe wangu akamuuliza.

"Nimevaa tu. Siruhusiwi kuvaa nyumbani kwangu?"

"Ruksa, bwana. Vaa na soksi basi, ukakae nazo uani na kuku."

Mimi nilikuwa nafunga chupa ya chai kwenye kanga, sikuinua kichwa. Mke na mume wakitupiana maneno asubuhi ni chuma na nyundo. Ukitia kidole katikati utalia peke yako.

Aliyeumia ni mjukuu wangu, binti yao. Alikuwa uani ananawa, na dirisha lilikuwa wazi. Alisikia. Akajifuta mikono taratibu, kidole kimoja kimoja, akachukua mfuko wake, akasema, "Bibi, twende." Hakuaga.

Siku hiyo ndiyo watu walikuwa wamealikwa kwenda kutazama. Kule nje ya mji, inakopita barabara mpya, mjukuu wangu na wenzake walikuwa wamechimba tangu kiangazi kianze, wakifuata nyayo za wahunzi wa zamani. Wa zamani hasa, si wa juzi. Watu waliokuwa wakichoma mawe wakatoa chuma, kabla babu wa babu yako hajafikiriwa. Sasa kazi ilikuwa imefika ukingoni. Leo watu wangeoneshwa, tanuru moja lingebebwa zima kupelekwa makumbusho, na baada ya hapo greda lingepita, lami ifuate, na pale pangekuwa chini ya magurudumu milele.

Na dereva wa hilo greda ndiye aliyekuwa akitukosesha raha nyumbani kwetu.

Wenzake walimwita Pimamaji. Akishakwangua barabara, walisema, unaweza kupita na kikombe cha chai garini na chai isitikisike. Mjukuu wangu naye wakambatiza Brashi, maana kutwa kucha alipiga magoti akipangusa udongo kwa brashi, kama anayemfuta mtoto vumbi usoni. Majina yakawakaa mpaka mimi mwenyewe nikayazoea.

Walivyokutana ni hivi. Greda la Pimamaji lilikwangua mahali, yakatoka mawe meusi, mazito, yenye vitobo kama mkate uliochacha. Mavi ya chuma hayo, uchafu unaobaki chuma kikishatolewa. Angeweza kupita zake. Alisimamisha. Akaita wakubwa, wakubwa wakaita wakubwa zao, kazi ikalala, na idara ya mambo ya kale ikamleta nani? Mjukuu wangu, akalala kwenye chumba chake cha utotoni.

Siku ya kwanza alifunga kamba nyeupe pande zote akamwambia, "Wewe wa greda, kamba hii usiivuke."

"Na nikikosea?"

"Mtu hakosei kamba. Anaiona."

Basi Pimamaji akakaa nyuma ya kamba akisubiri. Kwanza alisubiri udongo umalizike apewe njia yake. Baadaye, nilimwona kwa macho yangu, alikuwa akisubiri mjukuu wangu ainue uso. Siku jua lilipozidi alileta turubai na miti, akamsimikia kivuli bila kuingiza hata ncha ya kiatu ndani ya kamba. Brashi akainua uso. Akasema, "Asante." Pimamaji akaenda kugonga kichwa kwenye mlango wa greda lake mwenyewe. Mimi nikajua hapo pana jambo.

Kwa hiyo alikuja kwetu na shangazi yake, kama anavyokuja mtu mwenye adabu. Mwanangu aliwakaribisha vizuri, akawapa viti, akamsikiliza shangazi mpaka mwisho. Kisha akasema maneno ambayo kijana yule aliyameza mazima mazima.

"Shangazi, sina neno na kijana. Lakini mtu wa barabara leo yuko hapa, kesho yuko kule, analala kwenye kibanda cha mabati kinachobebwa na lori. Mimi ninatengeneza milango. Mji huu nusu ya milango ni yangu. Nitamwoza binti yangu kwa mtu asiye na mlango?"

Huyo ndiye mwanangu. Ana kiburi, lakini cha kazi. Kuna kitu kimoja lazima nikieleze, la sivyo yaliyotokea hayataeleweka. Karakana yake ina ukuta mmoja, wa nyuma, karibu na kiriba cha kupulizia moto alichokiacha baba yake. Ukuta ule una misumari, na kwenye misumari zimetundikwa kazi zilizoharibika. Lipo jembe la marehemu mume wangu lililopasuka alipolitumbukiza majini kabla ya wakati. Ipo bawaba ya mwanangu aliyoichomelea kinyume. Kipo kigoda cha Brashi cha utotoni, miguu mitatu, kila mguu na urefu wake. Mteja akiingia anaviona, na hatuvifichi. Ila sheria ni moja, aliiweka mume wangu. Kosa la kibarua huenda kwenye chuma chakavu. Kosa la mtu wa nyumba ndilo linalotundikwa.

Haya, turudi njiani.

Tulifika kabla ya watu. Nilikuwa nimeshapaona mara nyingi, mashimo ya mraba yaliyochongwa kingo kama vipande vya sabuni, na katikati ya mashimo mawili ukuta wa udongo walioacha usimame. Niliwahi kumuuliza kwa nini huo haujachimbwa. Akanijibu, "Bibi, kila tunachochimba tunakiharibu. Hakirudi. Ukuta huu ndio tunaouacha uwe shahidi, useme udongo ulilala vipi. Ona, chini kabisa weusi wa makaa, halafu wekundu wa tanuru lililovunjika, halafu mchanga wa mafuriko, halafu juu nyasi za jana. Ni kama kitabu kilichokatwa ubavuni." Alikuwa anauchora kwenye karatasi, punje kwa punje. Nusu ya juu alikuwa ameimaliza. Nusu ya chini, ile ya wahunzi wenyewe, aliiacha kwa asubuhi ile, kwa sababu mwanga ulikuwa unaingia vizuri.

Tulipoinama kuingia chini ya turubai la kivuli, ukuta haukuwapo.

Pale uliposimama palikuwa pamelala kama meza. Pamefagiwa. Hata mistari ya ufagio ilionekana, imenyooka. Na ukingoni alikuwa amekaa Pimamaji, beleshi limelala magotini, jasho linamtoka, anatabasamu kama mtoto aliyeosha vyombo bila kutumwa.

"Shikamoo Bibi. Umeamkaje, Brashi?"

Mjukuu wangu akaonesha kwa kidole pale palipolala.

"Ukuta uko wapi?"

"Ule udongo? Nimeutoa." Akaonesha lundo kule mbali, nje ya kamba. "Nimeuanza giza halijatoka vizuri. Mgumu ule! Ndiyo maana mlikuwa mnauzunguka kila siku. Nikasema hawa wamechoka, mikono yao imechubuka, ngoja niwamalizie. Leo mzee anakuja. Nilitaka akute mahali pa binti yake pamenyooka."

Brashi akakaa chini, palepale udongoni, na suruali yake safi. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

"Umeuchanganya?"

"Nini?"

"Udongo. Mweusi, mwekundu, wa juu, wa chini. Umeutupa pamoja?"

Tabasamu la kijana likaanza kutoka, polepole, kama maji yanavyonywea mchangani. "Nimeutupa pamoja."

"Ule ulikuwa si uchafu. Ule ndio ulikuwa kazi yenyewe. Nimechimba kiangazi chote kuupata ukuta ule, umeelewa? Mashimo haya yote nimeyachimba ili ule usimame!"

"Brashi..."

"Wewe unajua kazi moja tu. Kulaza kila kilichosimama."

Pimamaji alitazama beleshi kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyemshikisha. "Nilikuwa sijui. Haki ya Mungu."

"Kamba niliweka ya nini?"

"Ya watu wengine," akasema, sauti yake ndogo. "Nilidhani siku hizi mimi si watu wengine."

Neno hilo lilimgusa Brashi, nilimwona. Akageuza uso pembeni. Lakini uchungu wa kazi ni uchungu mbaya, nimeishi na wahunzi, naujua.

"Kwenye kazi yangu," akasema, "wewe ni watu wengine."

Kijana akasimama, akajikung'uta magoti.

"Daktari akifika nitamwambia ni mimi."

Daktari ni bosi wa Brashi, mama mmoja mfupi, mkali, mwenye kofia pana.

"Humwambii kitu. Mnyapara wenu alisema nini siku ile? Dereva atakayevuka kamba kazi hana. Mimi watanigombeza. Wewe watakufukuza. Nenda kwenye greda lako. Nitasema nimeuangusha mimi."

"Kwa nini uniokoe, kama mimi ni watu wengine?"

"Nenda, nimesema! Na baada ya leo usinitafute."

Akaenda. Mgongo wake ulikuwa mpana, lakini alikwenda nao kama mzigo wa kukodi. Kambi yao ilikuwa inahama mwisho wa juma, sote tulijua. Akishaondoka na neno lile, ndiyo basi.

Nikamimina chai.

"Kunywa."

"Bibi, usimtetee."

"Nani kamtetea? Nimesema kunywa."

Akanywa, na machozi yakaingia humohumo kikombeni. Nikamwacha. Machozi ya kwanza hayazuiwi, yana haraka zake. Baadaye nikasema, "Huyu mume wetu ana roho ya dhahabu na akili ya ndama."

"Si mume wetu."

"Basi ni wangu peke yangu, mke mwenzangu. Wewe umemkataa, mimi nimebaki naye. Atanifagilia uani mpaka maua yaishe."

Alitaka kucheka akakataa. Akanyanyuka, akashika brashi yake, akaenda kwenye lile tanuru moja lililobaki zima, akaanza kulipangusa ingawa halikuwa na vumbi.

Watu wakaanza kufika. Walimu na wanafunzi wao, mafundi, akina mama na watoto mgongoni, wauza maji. Mnyapara wa barabara na kofia yake ya plastiki. Na mwisho kabisa, nyuma ya mkewe, nani namwona? Shati jeupe. Mikono nyuma, kidevu juu, kama aliyekuja kukagua na si kutazama. Moyo wangu ukapiga makofi. Brashi alimwona naye, akanyooka mgongo. Maskini, kwa nukta moja alisahau mengine yote.

Halafu Daktari akafika ukingoni, akavua kofia.

"Ukuta wangu uko wapi?"

Sauti ile haikuhitaji kurudia.

"Nimeuangusha mimi," Brashi akasema.

"Wewe?"

"Mimi, Daktari. Nilitaka pawe pazuri kwa wageni."

"Nusu ya chini umeichora?"

"Hapana."

Daktari akavaa tena kofia yake. "Wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawafanyi hivi. Wewe ndiye ninayewatolea mfano."

Nikamtazama mwanangu. Kile kidevu kilikuwa kimeshuka. Amekuja na shati la harusi, mbele ya mji mzima wenye milango yake, kusikia binti yake kaharibu kazi. Akapiga hatua nyuma. Mkewe akamshika mkono wa shati.

Hapo ndipo ngurumo ya greda kule chini ikazimika.

Tulimwona akipanda mteremko, beleshi begani. Hakukimbia, wala hakujikokota. Alipofika kwenye kamba nyeupe alisimama. Watu wote wakamgeukia, naye akamwangalia mtu mmoja tu.

"Naomba kuvuka," akasema.

Brashi akatikisa kichwa kumkataza, macho yamejaa. Daktari ndiye aliyejibu. "Vuka."

Akavuka.

"Si yeye, Daktari. Ni mimi. Nimeingia asubuhi kabla hawajaja, nimeukata kwa beleshi hili, nimefagia na ufagio wa jikoni kwetu. Yeye hakujua. Nilifikiri nasaidia."

"Wewe!" Mnyapara akapasua njia kati ya watu. "Unajua unachokisema?"

"Najua, Mkuu."

"Unajua nilisema nini juu ya kamba hii?"

"Ulisema kazi sina."

"Sasa?"

"Sasa ndiyo nimesema."

Daktari alimgeukia Brashi. "Kwa hiyo umenidanganya."

"Ndiyo, Daktari."

"Kwa sababu gani?"

Na kwa nini ajibu? Sababu ilikuwa imesimama pale na beleshi begani, na kila mtu aliiona, hata muuza maji. Mama mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti ya chini, "Mwenzenu nimesubiri miaka yote hii, na wa kwangu hajaniangushia hata kichuguu." Watu wakabana vicheko.

Mnyapara alikuwa ameshanyoosha mkono. "Funguo. Kusanya vitu vyako."

"Subiri kidogo," Daktari akasema. "Mnyapara, greda lilipokwangua mavi ya chuma siku ya kwanza, nani alisimamisha?"

"Ni huyu."

"Asingesimamisha, tungekuwa na kitu cha kugombania leo? Kosa lake nitaliandika lilivyo, na ukuta haurudi, nimeumia na nitaumia. Lakini sitaki afukuzwe kwa niaba yangu. Hilo siombi."

Mnyapara akakuna shingo. Si mtu mbaya, ni mtu wa sheria. "Basi greda hulishiki tena mpaka kambi ihame. Unashika beleshi, maana naona mnapendana. Funguo nipe."

Pimamaji akatoa funguo mfukoni. Nyie, dereva wa greda kutoa funguo mbele ya watu ni kama bibi arusi kuvuliwa shela. Aliziweka kwenye kiganja cha Mnyapara taratibu, akazitazama mara moja, akaacha. Hakutafuta maneno ya kujisafisha. Akasogea pembeni, akasimama nje ya kamba, mahali pake pa zamani.

"Haya," Daktari akamwambia Brashi. "Wageni wanasubiri. Waoneshe kilichobaki."

Mjukuu wangu akajifuta uso kwa kiwiko. Akaingia shimoni, akasimama kando ya tanuru. Akaonesha mabomba ya udongo yaliyopuliza moto, akaonesha ukuta wa tanuru uliogeuka kioo kwa joto, na ndani yake bonge kubwa jeusi limekwama kooni. Kadiri alivyosema ndivyo alivyorefuka. Watoto wakaacha kusukumana.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya watu, ile ninayoijua tangu ikiwa kilio cha mtoto mchanga.

"Mengine yote yamevunjika. Hili kwa nini zima?"

Brashi akamtazama baba yake. Watu wakampisha, akasogea mpaka ukingoni, mikono bado nyuma, asije akagusa kitu.

"Kwa sababu lilishindwa, Baba. Tanuru likifaulu, walilivunja wapate kutoa chuma chao, hatukuti ila vipande. Hili lilikataa. Moto ulipungua, bonge likaganda kabla ya wakati. Wakaliacha."

"Wakaliacha hivihivi? Hawakulifukia?"

"Hawakulifukia. Na halafu, ona, wakajenga jipya hapa pembeni, hatua chache tu. Waliweza kwenda mbali. Lakini kila walipopuliza moto wao mpya, lile lililoshindwa lilikuwa mbele ya macho yao."

Mwanangu akainama ukingoni. Alikuwa analitazama lile bonge kama mtu anayetazama picha ya babu yake. Nikajua anaona nini. Alikuwa anaona ukuta wetu wa nyuma, misumari na yote.

"Ulipokwenda kusoma," akasema, na hakujali nani anasikia, "mimi niliona umeikimbia karakana. Nilisema, mtoto mmoja wa kuurithi moto, na yeye kachagua vumbi. Kumbe ulikwenda kumtafuta aliyeuwasha."

"Ndiyo, Baba."

"Na umempata."

"Nimempata."

Akawageukia watu. Shati jeupe, vifungo mpaka shingoni, na jasho limeanza kulichora mgongoni. "Huyu," akasema, akimwonesha kwa mkono mzima, si kwa kidole, "ni binti yangu. Mwenye swali amuulize yeye."

Nimezaa, nimezika, nimeozesha. Fahari kama ya saa ile sikumbuki. Mkwe wangu alikuwa analia bila kuficha, na mimi nikamwambia ajifute asinichafulie kanga, kumbe kanga ilikuwa imeshachafuliwa na mimi mwenyewe.

Watu walipoanza kutawanyika, mwanangu alipita kwenye kamba. Pimamaji akatoa heshima. "Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Hilo beleshi ni la kampuni au lako?"

"Langu, Mzee."

"Jioni njoo karakana. Uje nalo."

Basi. Akaenda zake. Kijana akanitazama mimi kama anayeuliza kama ni kesi au ni chai. Nikampandishia mabega. Nilijua, lakini subira ina utamu wake, nilimwachia naye aonje.

Alikuja jua likiwa bado juu ya mapaa. Ameoga, nywele mbichi, beleshi limeoshwa likang'aa. Brashi alikuwa mlangoni pa karakana, amekaa juu ya kile kigoda chake kibovu alichokitundua, anayumba nacho. Mimi nilikuwa ndani kwenye benchi nachambua mchele, na masikio yangu, namshukuru Mungu, bado mazima.

Pimamaji akasimama nje ya kizingiti.

"Uliniambia nisikutafute. Sijakutafuta, nimeitwa."

"Najua."

"Nusu ya ule ukuta hairudi."

"Hairudi."

"Nimekaa leo na lile lundo. Nimejaribu kutenga mweusi na mwekundu kwa mikono. Haitengeki."

"Haitengeki," Brashi akasema. "Nilikuona. Nilikuwa juu, nilikuona kutwa unatenga."

Wakatazamana. Sijui niseme vipi. Nimeona watu wakishikana mikono wasigusane, na hawa walikuwa wamesimama mbali, na niliona wameshikana.

"Naomba kuvuka," akasema.

Mjukuu wangu akainuka kwenye kigoda, kikaanguka chenyewe kama kawaida yake.

"Vuka. Na ukisikia nimekwambia wewe ni watu wengine, siku nyingine, ujue nina hasira tu. Usiende mbali."

"Nikae nyuma ya kamba?"

"Kaa hapohapo nyuma ya kamba. Nitainua uso."

Mwanangu akatokea nyuma, msumari mdomoni, nyundo mkononi. Hakusema karibu wala nini. Alikwenda kwenye ukuta wa nyuma, akapapasa kati ya jembe la baba yake na bawaba yake mwenyewe, akapata nafasi, akapiga msumari mara mbili.

"Lete."

Pimamaji akampa beleshi. Mwanangu akalitundika. Kijana hakuelewa, akamtazama Brashi, na Brashi alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Ndipo akamnong'oneza maana ya ukuta ule, kosa la nani hutundikwa pale na la nani huenda kwenye chuma chakavu. Nilimwona kijana akishika meza.

"Mzee," akasema. "Na mlango? Mimi bado sina mlango."

"Mlango?" Mwanangu akamwangalia kana kwamba amesikia upuuzi. "Hapa umeingia wapi, kwenye duka la samaki? Kapate ukuta wa kuuweka, halafu niletee kipimo. Mlango ni kazi yangu."

Sasa lile beleshi lilikuwa limekaa upande, mpini umeinama kushoto. Pimamaji alilitazama. Akajizuia. Akalitazama tena, na mkono ukaanza kunyanyuka wenyewe, maana tabia ni ngozi.

"Usiguse," mjukuu wangu akasema.

"Limepinda kidogo tu, Brashi. Nilinyooshe kidogo tu."

"Liache lilivyo."

Akashusha mkono. Wakasimama pale, bega kwa bega, wanalitazama beleshi lililopinda, na mwanangu akarudi kuwasha moto wake na shati jeupe mwilini.